Ng'ombe Sita wa Dhamana

Asubuhi moja nilikuwa nyumbani Nyamwaga napakia ndizi kwenye gari langu la pili. Naandika la pili ili ujue unasoma habari za nani. Niliishia darasa la nne, baba hakuniachia hata jembe, lakini kutoka Sirari mpakani mpaka Mugumu hapakuwa na mchuuzi wa mazao asiyelijua jina langu. Kenya nilipeleka ndizi na mahindi, nikarudi na mafuta na sabuni kwa mali kauli. Nikisema nitalipa Jumamosi, Jumamosi nalipa.

Halafu wakubwa wa nchi mbili wakagombana. Upande mmoja ukarudisha mahindi, mwingine ukazuia mizigo, malori yakakaa foleni mpaka nafaka ikaota ndani ya magunia. Nikaenda benki mjini Tarime kuomba mkopo. Dada wa pale akanisikiliza vizuri.

"Mzee wangu, hata nchi yenyewe ikigombana na jirani inakopeshwa kwa shida. Mwenye hela anauliza, mpaka ukifungwa mtalipa kwa kitu gani? Sembuse wewe, unayeuza huko huko."

Nilimcheka. Kumbe na wenye maduka ng'ambo walikuwa wanasema hayo hayo. Mtanzania asipewe kitu kwa mdomo.

Shemeji yangu Marwa, aliyemwoa mdogo wangu Bhoke, aliishi upande wa Kenya, karibu na mpaka. Akanipigia simu.

"Shemeji, si wewe hatukuamini. Ni hiyo serikali yenu na hii yetu. Leta ng'ombe hata moja ikae kwangu kama dhamana, mwenye duka aione."

"Moja? Mimi ni mtu wa moja? Naleta sita."

"Wee mura, mwanaume wewe! Hiyo kujigamba itakuua."

Mpakani mifugo ilikuwa imezuiwa, kwa hiyo nikapita njia ya mtoni, naswaga mwenyewe. Kwenye tope nilikuta nyayo za ng'ombe wengine, mbichi. Nikafurahi. Nikasema, za wangu zitajificha humo, hakuna askari atakayejua.

Ni ujinga ambao mtu wa kwetu hapaswi kuufanya. Ng'ombe wakiibiwa, wenyewe hufuata nyayo, na zinapoishia, mwenye boma hilo ndiye wa kujibu. Alfajiri ile wezi walikuwa wamechukua mifugo ya ukoo mmoja upande wetu, wakavukia pale pale. Mbele kidogo wakakatiza kwenye mawe, nyayo zao zikapotea. Za wangu ziliendelea mpaka mlangoni kwa Marwa.

Bhoke alikuwa amenipa chai. Sijaimaliza, tukasikia yowe.

Wenye ng'ombe walioibiwa walikuwa wengi. Mishale, mapanga, bunduki moja.

Sikumwangalia Marwa wala Bhoke. Nilikimbilia kwenye mahindi nyuma ya nyumba, nikalala kifudifudi. Kikombe nilikuwa nacho bado. Chai ilinimwagikia kifuani, sikusikia moto.

"Hizi ng'ombe za nani?"

"Za shemeji yangu wa Nyamwaga. Ameniwekea dhamana."

"Yuko wapi?"

Marwa alijua nilipo. Mahindi yalikuwa bado yanatikisika.

"Ametoka. Angalieni masikio, alama ni yake. Na neno langu mnalijua."

"Neno la Mkenya? Siku hizi?" Mmoja akacheka.

Wawili kati yao niliwatambua kwa sauti, wateja wangu. Wangeniona tu, wangeniamini. Nikasema nahesabu mpaka tatu, nasimama.

Nilihesabu. Nikarudia. Nikaanza tena moja, nimelala pale pale.

Mshale hauna kelele. Niliyemsikia ni Bhoke, akimlilia mumewe.

Ukoo wa Marwa ukavuka kulipiza, na siku tano moto uliwaka pande zote mbili. Nilirudi nyumbani nikitambaa kwenye migomba, nikimwogopa kila mwenye sauti, hata kuku. Nyumba ziliungua. Watu walizikwa bila matanga.

Vita ilipotulia, wazee wa koo zote mbili waliangalia masikio ya ng'ombe. Wakanirudishia wote sita.

Baadaye wakubwa walishikana mikono, malori yakapita. Dada wa benki alinipigia simu mwenyewe. Leo nina magari matatu, na ukiuliza Sirari watakwambia neno langu ni hela. Sibishi. Ila mahindi yakivuma kwa upepo, nasimama ghafla, popote nilipo, kama mtu aliyeitwa. Nasimama nikiwa nimechelewa.

Bhoke ana kibanda cha chumvi na sabuni pale pale ng'ambo. Watu wa nchi zote mbili wanachukua, wanasema watalipa kesho, naye anawapa. Mimi nikifika ananiamkia kwa heshima, "Shikamoo, kaka." Halafu ananyoosha kiganja, anasubiri hela, ndipo anagusa chumvi.