Mwenye Mashine ya Kopi na Orodha Isiyokuwapo

Jumatatu nilipita mtaa wa Hai Cinema na karatasi zangu kwapani, nikakuta duka la kopi limefungwa na mlangoni pamebandikwa tangazo: mwenye duka amefariki Jumamosi kwa presha, maziko ni leo saa nane, Munuki. Tangazo lenyewe lilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Hapo ndipo nilipoamini kweli amekufa, maana angekuwa hai karatasi ile isingebandikwa.

Wengi wenu hamkumjua kwa jina, nami sitalitaja. Lakini kama umewahi kuomba kazi, uhamisho au mchumba kwa maandishi katika mji huu, huenda barua yako ilipita mikononi mwake. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, aliyeishi ukimbizini Uganda miaka mingi, akarudi na mashine moja, kitabu cha risiti na Kiswahili cha huko: mimi iko, wewe iko, sisi wote iko. Alisema hivyo, ila barua alizozichapa zilinyooka kama mstari wa rula. Mimi ninayejidai mwandishi alinirudishia makala mara nyingi kuliko mhariri wangu. "Ustaz," aliniambia siku moja, na huku kwetu kila anayeshika kalamu ni ustaz, "hii sentensi yako iko refu. Mimi natafuta kitendo tangu asubuhi." Siku nyingine bwana mmoja mwenye suti alimletea cheti cha shule, na juu ya alama ya D amegandisha kipande kidogo cha karatasi chenye A nzuri sana. Mama alikibandua kwa ukucha, akamrudishia cheti, na kile kipande akakiweka juu yake kama chenji. "Baba, A yako imedondoka. Mimi hapana piga kopi ya uongo. Uongo moja inatosha."

Sasa nieleze lile la orodha. Alikuwa amemlea mtoto wa marehemu kaka yake, msichana mwenye akili, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi chuo kikuu. Msichana akaomba ruzuku ya masomo katika ofisi inayogawa mikopo na ruzuku za wanafunzi. Akajibiwa kwa mdomo kwamba pesa za mwaka huo zimeisha. Shangazi wengi wangesikitika, wakamtafuta mjomba mwenye cheo. Huyu alifunga duka, akaenda mwenyewe hadi mezani kwa karani, akauliza, "Imeisha kwa nani?"

Karani alimweleza kwamba majina ya waliopewa ni siri, kwa faida ya wanafunzi wenyewe. Mama akarudi dukani akachapa barua. Sheria ya nchi hii inampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, naye aliitaja sheria hiyo bila matusi wala machozi, akaipeleka barua ikagongwa muhuri. "Bukra, mama," karani akamwambia, yaani kesho. Bukra ya ofisi ile haikuwa na tarehe. Alikwenda kila Alhamisi. Mara orodha iko kwa mkubwa, mara mkubwa yuko safarini, mara orodha yenyewe haijaandikwa bado. Mlinzi wa mlangoni, mzee mrefu kama mnara, alipekua mkoba wake kila mara na kumwambia, "Watu kama wewe ndio mnaotuchosha, mama. Watoto wa wenzako wanasoma, wewe unasumbua."

Basi mashine ya kopi ya ofisi ile ikaharibika. Nilikuwa nimekaa dukani kwa mama nikisubiri karatasi zangu, umeme hakuna mtaa mzima isipokuwa kwake kwenye sola, nikamwona karani yule yule anaingia na bahasha kubwa iliyoandikwa SIRI. Alipomwona nani yuko nyuma ya mashine, alisita kama mtu aliyekosea mlango wa msalani. Lakini mkubwa alikuwa anasubiri, na duka jingine lenye umeme lilikuwa mbali. "Kopi sita, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Na usisome."

"Mashine yangu iko na macho," mama akamjibu, "mdomo hapana."

Wasomaji, kichwa cha ukurasa wa kwanza kilisema wazi ni wanafunzi waliopewa ruzuku; orodha ile ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye pua yangu. Shingo yangu ilianza kurefuka yenyewe. Mama akavua kitenge cha mabegani akaifunika mashine. "Ustaz, angalia ukuta." Nikaangalia ukuta. Alitoa kopi, akahesabu kurasa, akamkabidhi karani hata ile moja iliyotoka na doa la wino. Kisha akaandika risiti taratibu, kwa mwandiko wake mzuri, akamsainisha karani kwenye nakala ya kaboni. Karani alipotoka nilimvamia mama kwa maneno. Miezi yote hii anahangaika, na leo orodha imelala mikononi mwake! "Mimi nikiiba," akasema huku akifunga kitabu, "wao watasema tuko na mwizi, na watu wataangalia mwizi. Mimi nataka wanipe."

Alhamisi iliyofuata nilimsindikiza, kwa udadisi zaidi kuliko kwa urafiki. Karani hakumwacha hata akae. "Orodha mafi," akasema, yaani hakuna. "Nimekwambia haipo, mama. Ikiwapo utaitwa."

Mama akafungua kitabu cha risiti juu ya meza. "Soma hapa. Kopi sita, orodha ya wanafunzi waliopewa ruzuku, kurasa kumi na moja. Hii saini iko ya nani? Kama orodha hapana, basi wewe umelipa pesa ya serikali kwa kopi ya nini?"

Mlango wa ndani ukafunguka. Mkubwa, ambaye kumbe hakuwa safarini, alikuwa amesikia yote. Aliisoma risiti, akamtazama karani kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula hati ya kiwanja, akasema neno moja: "Bandikeni."

Ilibandikwa, ila juu kabisa ya mlango wa nje, mahali panaposomwa na ndege. Watu waliokuwa kwenye foleni wakamwomba mlinzi, kwa urefu wake, awasomee. Akakubali kwa fahari, akasafisha koo, akasoma ukurasa wa kwanza kama padri. Katikati ya ukurasa wa tatu akarudia mstari mmoja polepole: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa pili, ng'ambo.

"Huyu ni mimi," akasema.

Mama mmoja kwenye foleni akauliza, "Hongera, mzee. Huko mnakula nini?" Watu walicheka hadi wengine wakaketi chini. Mlinzi hakucheka. Ana watoto watatu walioacha shule kwa kukosa ada. Alituambia hapo hapo, bila kuulizwa. Kisha akaweka kirungu chake chini, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza ofisi ile ikaulizwa swali na mtu inayemlipa mshahara.

Baada ya hapo majina kadhaa yalifutwa, nafasi zikatangazwa upya, na karani akahamishwa. Nasikia sasa anashughulika na leseni za pikipiki, Mungu awahurumie waendesha boda boda. Pesa zilizoliwa hazikutapikwa. Msichana alipewa ada tu, chakula na malazi akagharamiwa na mashine ya shangazi, kopi moja moja, na sasa yuko mwaka wa tatu. Ndiye aliyemwosha shangazi yake kabla ya maziko.

Mji huu tunajua nani anaoa mke wa pili kabla ya mke wa kwanza kujua. Tunajua gari jipya la fulani limelipwa na nani. Yote haya tunayapata kwa kunong'onezana, kwa hiyo anayetajwa hucheka tu na kusema ni umbea. Mimi ningeiba orodha ile. Ningeandika safu moja kali, ofisi ingekanusha, ningesifiwa wiki nzima, na mlinzi angeendelea kusoma uhandisi ng'ambo bila habari. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni. Hatukuambiwa kwamba kazi yenyewe ni kuuliza mara ya pili, ukiwa umeshachekwa, na kuuliza kwa jina lako mwenyewe, mezani kwa mwenye jibu.

Juzi nilikwenda shuleni kwa wanangu, nikauliza mchango wa ukarabati tuliotoa wazazi umekarabati nini. Mwalimu mkuu alinitazama kama nimemuuliza umri wa mkewe. Akasema yuko na shughuli, nirudi kesho. Nilirudi.