Sumaku ya Fundi wa Baiskeli

Habari ya kifo cha fundi wetu wa baiskeli, yule wa sokoni hapa Kasongo, ilinikuta nikinywa chai. Homa ya siku nne tu, basi. Nitasema kweli ingawa ni aibu: kabla ya huzuni nilishikwa na hofu. Alfajiri hiyo mke wangu alikuwa ametoka kwenda kuchukua karanga kwao, njia ya Wamaza, kwa baiskeli niliyoinunua kwa mchuuzi wa Salamabila. Ni ya mtumba, haijulikani ilikotoka, na fremu yote imezungushiwa vipande vya mpira, kama tunavyopenda huku ili mizigo isiikwaruze. Mara tatu marehemu aliniambia, “Ulete ile kinga,” ndivyo tuitavyo baiskeli, “niione.” Mara tatu nilimjibu kesho.

Fundi huyo hakuamini rangi wala maneno ya muuzaji. Aliamini sumaku aliyoing'oa katika spika ya redio mbovu. Siku moja nimekaa kibandani pake, akaja mkulima wa Kabambare na baiskeli iliyopinda, anataka ipashwe moto inyooshwe. Mkulima akaibandika sumaku mwenyewe, ikashika, akacheka. “Unaona? Iko chuma!” Fundi akaisogeza upana wa kidole kimoja, ikaanguka. “Baba, imeshika bulo tu, hii bolti ya kukazia. Kinga yenyewe iko alumini. Wakiipasha moto, nguvu itaisha, itakukatikia mu mlima.” Yule baba alikasirika, akaenda kwa mhunzi. Mwezi haukuisha tukamwona anachechemea, meno ya mbele hana.

Ndiyo maana siku ile ya habari ya msiba kila pikipiki iliyosimama karibu na nyumba yangu nilidhani inaniletea maiti. Redio yangu nzima niliivunja nipate sumaku. Alasiri mke wangu akafika, salama, anaimba. Sikumsalimu, nilianza kukata mipira kwa kisu. “Baba ya watoto, uko na wazimu?” Sumaku ikashika, nikapumua. Kisha nikakumbuka, nikaisogeza kidole kimoja. Ikaanguka. Hapo hapo, penye alama nyeusi ya moto wa zamani, palikuwa na ufa ulioingia ukucha mzima wa kidole changu cha mwisho. Mke wangu aliuona, akaketi juu ya gunia lake.

Baiskeli ngapi mjini humu zimefungwa mpira, na sasa nani atazifungua? Bado naogopa. Anayeijua kazi yake akikuomba umwonyeshe kitu chako, mwonyeshe siku hiyo hiyo. Kesho yake nilikwenda matangani. Mjane akaniuliza nilijuana vipi na mumewe.

“Alikuwa ananiomba kitu, Mama,” nilimjibu. “Nilichelewa kumpa.”