Aliyecheza Namba Zote Akanyimwa Moja

Alhamisi iliyopita, hapa Birmingham, tulimzika mtu ambaye wasomaji wangu wengi hawakupata kulisikia jina lake, na hilo ndilo linalonikera. Alikuwa mzaliwa wa Tanga, mtu wa mashine katika kiwanda cha vipuri vya magari, na kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa. Moyo ulimsimama akiwa kazini, hata miaka arobaini hajafika. Hatukuwa marafiki wa kushinda pamoja. Tulisalimiana Soho Road, tukakutana kwenye harusi na misiba, na mara mojamoja alinialika kula kwake Balsall Heath. Lakini nilikuwapo uwanjani siku alipochaguliwa, na kwa kuwa habari za siku ile zimepotoshwa mpaka ndani ya matanga yake, nitazieleza nilivyoziona.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, sisi tuliotoka Afrika Mashariki tulikuwa na timu ya Jumapili iliyochezea Handsworth. Wachezaji walikuwa makondakta wa basi, wanafunzi na watu wa viwandani, kila mmoja na zamu yake. Kwa sababu hiyo tulikuwa na desturi iliyowachekesha Waingereza: jezi ziligawiwa kwa kadiri watu walivyofika. Aliyewahi alichukua aliyoipenda, aliyechelewa alivaa iliyobaki, na namba ya mgongoni haikumaanisha kitu. Siku hiyo ninayoisema, klabu moja kubwa ilimtuma mzee wake mmoja wa kusaka wachezaji aje kumtazama mshambuliaji wetu, kijana wa Mombasa mwenye mashuti ya kutisha. Alikuwa ameambiwa amtazame namba tisa. Kijana wa Mombasa akachelewa, akavaa namba mbili. Tisa ilikuwa imeshavaliwa na marehemu, ambaye alikuwa beki.

Habari zilipoenea kwamba klabu imemchukua beki na kumwacha mfungaji, mtaa mzima ukaangua kicheko. Kwa kinyozi ikawa ndiyo hadithi. "Wazungu wamenunua jezi!" alisema mmoja, na tangu hapo kila mtu akairudia kana kwamba aliiona kwa macho yake. Uongo mtupu. Nilisimama na yule mzee pembeni mwa uwanja mwanzo hadi mwisho, na habari ya jezi nilimweleza mwenyewe kabla mpira haujaanza. Alimwona Mmombasa akifunga, akatikisa kichwa kidogo, basi. Kilichomshika ni yule beki. Mwenzetu wa kulia alipoondoka kuwahi zamu, marehemu akahamia kulia. Wa kushoto alipoumia, akaenda kushoto. Kote alisimama kama mwenye nyumba, anajua mpira unakokwenda kabla haujapigwa. "Wafungaji ninao tele," mzee akaniambia. "Wa kunizibia pengo lolote kule nyuma sina."

Kwa hiyo nasema tena, kwa wale wa kwa kinyozi na watoto wao: chaguo lile lilikuwa sahihi. Sikumwona beki bora kuliko yeye kati ya watu wetu waliocheza nchi hii. Dhuluma ilikuja baadaye, nayo ilitoka katika sababu ileile iliyomfanya achaguliwe. Kwetu mchezaji wa namna hii tunamwita kiraka, na watangazaji hulisema neno hilo kwa furaha. Mimi silipendi. Wiki hii alikuwa kulia, wiki ijayo kushoto, na wiki nyingi zaidi alikaa benchi na jezi namba kumi na mbili, akisubiri mwenzake aanguke. Mashabiki wa ugenini walimpigia milio ya nyani, naye akacheza. Kitu kimoja tu alikitaka, namba tano, beki wa kati, iwe yake. Mwenye namba hiyo alipovunjika mguu, marehemu akapewa nafasi. Mechi zile alicheza vizuri hata magazeti ya hapa yakakubali. Kisha klabu ikanunua namba tano mwingine, na yeye akarudishwa benchi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa mezani kwake. Hakugusa chakula.

"Kaka, nimemwendea kocha. Nikamwuliza, boss, nimecheza vibaya? Akasema no, umecheza vizuri sana. Nikamwambia, basi mbona number five si yangu? Unajua alinijibu nini?"

"Alisemaje?"

"Eti huyu mpya hawezi kucheza kwingine. Mimi naweza."

Mkewe alikuwa anaepua chapati. "Si ungejifanya huwezi?" akasema.

"Siwezi, mama. Mpira ukija, mguu unakwenda wenyewe."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira hiyo haijanitoka. Lichukueni jibu lile mlipime. Asiyeweza kwingine anapewa pake, kwa kuwa hana pa kwenda. Anayeweza kote hapewi popote, kwa kuwa atapatikana tu. Goti lilipomharibikia, klabu ikamuaga kwa kumpa mkono, akaenda kiwandani, na huko mambo yakawa yaleyale. Alijua mashine zote, kwa hiyo alihamishwa kila mashine, na nafasi ya usimamizi ilipopatikana wakampa mtu aliyejua moja. Muuguzi mmoja Mkenya, jirani yangu, amezungushwa wodi zote za hospitali yake. Kila mgonjwa anamjua, na hakuna wodi hata moja aliyokabidhiwa. Wala msidhani ni Waingereza peke yao. Kwenye chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki hapa mjini, marehemu ndiye aliyekwenda kupokea wageni uwanja wa ndege, ndiye aliyepika pilau ya Idi, ndiye aliyechimba kaburi tulipofiwa, na sikumbuki mtu aliyempendekeza kuwa hata katibu.

Kwenye matanga mwenyekiti wa chama alisimama akamsifu: ndugu yetu hakukataa namba, popote alipowekwa alicheza. Watu wakaitikia kwa sauti. Hata mtu wa ile klabu alikuja, akavua kofia, akasema hayohayo kwa Kiingereza chake, na wakashikana mikono kama waliokamilisha jambo. Nilitamani kutoka nje. Ndipo nikaambiwa naitwa mlango wa ndani. Mjane alikuwa nyuma ya pazia, sauti imemkauka kwa kilio.

"Shemeji, wewe unaandika gazetini?"

"Ndiyo, shemeji."

"Basi nakuomba. Waandikie kuwa alikuwa namba tano."

Nimeandika. Alikuwa namba tano, na waliompanga kwingine walimwibia, wakiwamo waliomlilia kwa dhati. Nanyi mlio kazini huku ughaibuni, mkiombwa kujaza nafasi ya mtu, ijazeni vizuri, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini mkishaijaza, ulizeni mapema, kwa sauti, kama sasa ni yenu. Na mkijibiwa kwa tabasamu kwamba ninyi mnafaa popote, msishukuru, kwa sababu hapo mmeshanyimwa.