Kitambaa cha Mama Juu ya Sola

Mimi nimesukuma gari kuliko nilivyoliendesha, kwa hiyo msinieleze habari ya udereva. Nilikuwa dereva wa zahanati ya kanisa kule Kiriba, miaka ya mafuta kwa kibali. Unaambiwa Musoma hakuna, yapo Bunda. Unafika Bunda, unaambiwa yameishia Butiama. Unarudi na dumu tupu, mgongo umekufa. Pikapu ya zahanati ilikaa kwangu chini ya banda la nyasi, hata mwezi mzima bila kutoka, na betri ikafa. Siku ya mgonjwa ndiyo ilikuwa siku ya kusukuma.

Baadaye mambo yakalegea, madukani sabuni ikaonekana, mitumba ikajaa, lakini mafuta yalikuwa bado ya kubembeleza. Ndipo fundi mmoja mgeni, aliyekuja kufunga friji ya chanjo, akatuachia sola ndogo, upana wake wa sinia. Akailaza juu ya jabali nyuma ya nyumba yangu, akavuta waya mpaka kwenye betri. Akasema jua litaishibisha kidogo kidogo hata gari likilala. Na kweli, miezi mitatu niliwasha gari kwa ufunguo kama mkubwa wa wilaya. Nilifurahi, siwafichi.

Mke wangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, hii ya tatu ndiyo ilifika mbali. Debe moja la mafuta nikalificha uvunguni kwa ajili ya siku yake. Nikamwita mama yangu, tuliyekuwa tukiishi naye, nikamwambia kwa ukali wangu ule wa kila siku, "Mama, kile kitu pale jabalini ni cha thamani kuliko nyumba hii. Kitunze. Kikiharibika tumekwisha." Nikabeba jembe, nikaenda zangu kwenye mihogo.

Sasa, kutunza mama alikujua. Redio yetu ilivaa kitambaa. Viti vilivaa vitambaa. Hata chupa ya chai ya wageni ilikuwa na cha kwake, kafuma mwenyewe.

Uchungu ulimshika mke wangu mchana, gari lina wiki tano halijawashwa. Niliitwa shambani, nikaja mbio. Nikamimina mafuta, tukampandisha, nikazungusha ufunguo. Tk. Nikazungusha tena. Tk. Nikakimbilia nyuma ya nyumba kuangalia waya. Waya ulikuwa mzima. Juu ya sola kimetandikwa kitambaa kizito cheupe, katikati kimedariziwa *Mungu ni Pendo*, na vijiwe vinne kwenye pembe ili upepo wa ziwa usikipeperushe.

"Nakifunikaga asubuhi ukishaondoka," mama akasema nyuma yangu. "Jua la siku hizi kali, lingekibabua. Jioni nakifunua, nakifutaga na vumbi."

Mungu wangu! Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Mke wangu akalia kule garini, nikayameza. Nikakikunja kile kitambaa, nikamrudishia mkononi.

Wanaume walikuwa mnadani. Wakasukuma wanawake na wazee wawili, mama katikati yao, kandambili zimemkatikia mchangani. Gari likawaka kwenye mteremko wa shule, jua limeshainama. Musoma tulifika. Mke wangu alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, hakulia.

"Mngewahi kidogo tu, baba," nesi akaniambia, kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza.

Njia nzima ya kurudi hasira ilimtafuta mama, ikamkosa, ikarudi kwangu. Nilimpa neno moja, naye akalitimiza kila asubuhi ya Mungu. Kumwambia kwamba kile kitu chakula chake ni jua, ingenichukua muda gani? Lakini mimi nilikuwa na haraka ya mihogo. Nimechoka kulifikiria jambo hili, na bado nalifikiria.

Miaka ikapita. Siku moja mama, macho yameshafifia, anachambua maharage kwa vidole, akaniuliza, "Hivi lile betri lilikufaga na nini?"

"Uzee tu, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea na maharage yake.

"Na nilivyokitunza kile kitu, baba."