Mwenye Kushika Mupira wa Trakteri

Ule mwaka tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Usiniulize namba yake. Masomo yangu iliishia deuxième primaire, darasa la pili, na hesabu ya miaka niliwaachia wenye kusoma. Lakini shika muzee yeyote wa Bunia, umutajie mwaka wa sombe ya maji na chumvi, utaona anakunja uso. Ilikuja kwenye sahani kijani kama chakula cha mbuzi, haing'ai, hainukii, inakwama kooni. Barabara ya kwenda porini, kule mawese inatoka, ilikuwa imekatika. Vita imeisha, walisema. Lakini kila nyumba ya kartie yetu, Nyakasanza, ilikuwa na kifurushi kimefungwa nyuma ya mulango, na sikuona mama hata mumoja aliyekifungua.

Hii yote ilinirudia juzi, wakati mashine ya njano ilikuja kuchimba mufereji mbele ya kiwanja changu. Mupira wake mumoja wa kupitisha mafuta ulipasuka, mafuta ikaruka, harufu ikaingia mpaka jikoni. Nikaacha maharagi niliyokuwa nachambua. Ndugu yangu, harufu ile ilinitoa kwenye kiti ikanirudisha mutoto wa miguu mitupu.

Baba yangu alikuwa mekanisien wa barabara. Trakteri yake ilikuwa na mukono mukubwa nyuma, wa kuchimba: bega, kiwiko, na kiganja cha chuma chenye meno. Garaji ya serikali ilikuwa imevunjwa wakati wa vita, kwa hiyo trakteri ililala kwetu, kati ya jiko na migomba. Watoto wa kartie nzima walikuja kuichungulia kwenye ua, na mimi nilisimama hapo kama askari wa bariere ya barabarani. "Usiguse! Iko ya baba yangu."

Ilikuwa inavuja kama pua ya mutoto. Mipira yenye kupeleka mafuta kwenye ule mukono ilikuwa imezeeka, imepasukapasuka kama kisigino wakati wa jua kali. Baba aliifunga na vipande vya shambrer ya kinga, mupira wa ndani wa baiskeli, ikavuja tena. Mara moja moja alipata mupira mupya, uliotoka Uganda kupita Aru, na kuubadilisha ilikuwa kazi ya watu wawili. Hao wawili walikuwa baba na mama. Siyo mutu mwingine.

Baba alishusha kiganja cha chuma mpaka kikae chini, maana mukono ukibaki juu unaweza kukuangukia. Alizima motere, akasukuma zile fimbo za kuongozea huku na huku mpaka mashine ipumue na nguvu yote itoke. Ndipo alifungua mupira wa zamani. Mama aliziba mabomba na vigunzi vya mahindi vilivyofungwa kitambaa, vumbi isiingie. Kisha mupira mupya: baba anakaza na kle, ile spana yake, mama anashika. Kushika njo kazi yenyewe. Mupira ukizunguka pamoja na kle, unajisokota, na siku nguvu itapita ndani yake utapasuka. Kulikuwa na mustari mweupe juu ya mupira, tangu mwanzo mpaka mwisho, wa kukuonyesha kama umenyooka. Mama hakuuangalia. Alikuwa anafua mablanketi ya watu kwenye muto, mikono yake ilijua kitu kinachosokotwa.

"Inajisokota," anasema. Baba anaacha. "Sasa kaza."

Hakuna neno lingine. Watu walisimama nje ya ua wakawaangalia kimya kama wako misa. Na mimi nilimuonea wivu mama yangu mwenyewe, mama aliyenizaa! Nilijifunza kwa siri na kamba ya mbuzi, nikaishika kwa nguvu, nikajiambia: siku mama hayupo, nitaitwa mimi.

Siku hiyo ilifika. Mama alizaa mutoto mwanamume, na kwetu mama hatoki nje mpaka kitovu cha mutoto kianguke. Kabla kianguke, mipira mipya ikafika, myeusi, inang'aa, imefichwa kati ya magunia ya maharagi. Shefu wa barabara, mukubwa wa baba, alitaka njia ya mawese ifunguliwe haraka. Nilinawa mikono. Nilikaa karibu na gurudumu, nikaiweka mikono yangu juu ya magoti ili baba aione.

Baba alipitisha macho juu ya kichwa changu, akaita upande wa pili wa ua: "Jirani! Kuya utusaidie kushika!"

Jirani alikuwa mama mufanyabiashara, watu wa kwao walitoka upande wa Butembo. Mabega mazuri, kitenge cha wax, kicheko cha kusikika mpaka sokoni.

"Shemeji, miye na trakteri wapi na wapi? Ikinikula je?"

"Haikulaka batu. Shika hapa."

"Eee! Iko na mafuta! Kitenge yangu, shemeji!"

Baba akacheka. Baba yangu, asiyecheka akiwa na kle mukononi! Ndani ya nyumba kitanda cha mama kililia mara moja, kikanyamaza. Nikaangalia ule mustari mweupe: ulikuwa unauzunguka mupira kama nyoka kwenye muti.

"Baba, inajisokota."

"Weye toka hapa, utachafuka."

Walipomaliza, mafuta ya mashine haikutosha, maana nyingi ilikuwa imemwagika. Jirani akaenda kwake, akarudi na bidon iliyojaa kichwani. Mawese. Ndiyo, mawese, mwaka ule! Ndugu zake walikuwa wamemuletea, akaificha.

"Shemeji, mafuta ni mafuta."

Na baba akaikubali. Wakaimimina yote ndani ya trakteri, nyekundu, inanukia, na mate yakanijaa kinywani. Ndani, mama mwenye kunyonyesha alikuwa na sahani ya sombe ya maji magotini. Jirani hakufikiri kumupelekea hata kijiko kimoja. Mama hakuomba.

Unajua asubuhi za Bunia, baridi yake. Mawese ililala ndani ya vyuma, ikaganda. Baba alipowasha, mukono ulitetemeka tu. Akalazimisha, motere ikapiga kelele, wengine wakakimbilia vifurushi vyao wakifikiri vita imerudi. Jua likapanda kidogo, mafuta ikaanza kutembea kwa nguvu, na mupira ukapasuka pale pale uliposokotwa. Mawese iliruka kwenye ukuta, kwenye migomba, kwenye kuku. Mbwa akaanza kulamba gurudumu.

Sauti ya mama ikatoka ndani: "Nani anapika huko inje bila sufuria?"

Watu wa nje ya ua walicheka mpaka wakashikana. Baba hakucheka. Alikuja kwenye mulango, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Mama ya batoto, mupira moja njo inabakia. Hii ikipasuka, barabara imekufa. Kuya ushike. Kitovu ya mutoto bado?"

Kitovu kilikuwa kimeanguka alfajiri. Nilikiona kwa macho yangu: mama alikifunga kwenye pembe ya kitenge chake na hakumuambia mutu. Angeweza kutoka. Aliinua tu uso.

"Mwenye alishika jana, ashike na leo."

Baba akanionyesha kwa kidole. "Basi unipatie huyu mutoto. Yeye aliona ile mustari."

Ndugu yangu, nilikuwa nimesimama tayari. Mikono yangu ilikuwa mbele yangu, imefunguka. Mama akashika pindo la nguo yangu na vidole vile vyenye kukamua mablanketi, na ningeweza kuchana nguo, lakini siyo kutoka.

"Mwenye alishika jana, ashike na leo."

Baba alimuangalia sana. Halafu akageuka.

Jirani akashika. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba alitoa mawese yote, akapata mafuta ya kweli kwenye pipa la shefu, na mupira ulinyooka. Njia ikafunguliwa, makamio, malori ya mawese, yakaingia. Mama alipika sombe nyekundu, nzito, akajaza sahani moja, akanipa. "Umupelekee mwenye kushika." Nikaipeleka. Watu walisema mengi juu ya baba na yule jirani. Mimi nasema hakukuwa kitu kingine. Kushika mupira ilitosha.

Baba hakumuita mama tena, wala mimi. Trakteri ilitumwa kwenye barabara ya Kpandroma, amani ikaharibika kule, na baba akarudi kwa miguu, bila trakteri na bila kusema iko wapi. Pale ilipokuwa inalala, majani ilikataa kuota miaka mingi. Leo kuna nyumba ya simenti na watoto wenye hawajui kitu. Jirani alikufa muzee, nikaenda kwenye kilio. Watoto wake wakasimama mbele ya watu wote wakasema mama yao alisaidia kutengeneza trakteri iliyofungua njia ya mawese. Nililia kuliko wote. Walifikiri ni uchungu.

Sasa, ule mupira wa juzi. Jana yule kijana wa mashine alileta mupira mupya, akamuita musichana anayeuza mikate hapa ng'ambo amushikie. Wakacheka, wakachezacheza. Mimi niko jikoni kwangu, naona mustari unazunguka. Nikanyamaza.

Leo asubuhi umevuja. Musichana ameenda sokoni. Kijana akaja kwenye ua wangu, kofia mukononi, na adabu nzuri, kama anasemesha bibi yake.

"Koko, pardon. Utusaidie kidogo, utushikie mupira hapa? Ni dakika tu."

Mikono yangu iliamuka yenyewe. Nilikuwa nimeshaipanguza kwenye kitenge. Maisha yangu yote nilingojea mutu anisemeshe hivyo. Nikaangalia ile mashine, nikaangalia mukono wake umelala chini, unangojea.

"Mwenye alishika jana, ashike na leo."