Vigelegele vya Mama Operani

Kila ninusapo koti la sufi lililolowa theluji, namkumbuka mama, muuguzi, alivyonipeleka operani mjini Saint Paul, Marekani, mchana mmoja, moja kwa moja kutoka zamu yake, akiwa na koti kama hilo. Mwimbaji alipohitimisha wimbo wake, ukumbi ulitulia kimya. Mama peke yake akapiga vigelegele. Nyuso zikatugeukia. Nikahamia kiti cha pili, nisionekane mwanawe.

“Mama, hapa si kanisani.”

“Ameimba vile, nimnyamazie? Haya, kaa huko, mgeni wangu.”

Kisha akanyamaza kweli, mikono yake iliyokaushwa na sabuni ya hospitali ikalala mapajani. Nyuso zingali zikitutazama, nikarudi. Nilikuta hajaweka hata mkoba kitini pangu. Kwa hilo namshukuru hadi leo.