Maji Niliyoyatema Mlangoni

Tangu nianze kutangatanga nimelala katika nyumba nyingi, na katika kila nyumba nimekuta watu wanaoogopa uchuro. Kutabiri hakuna ubaya. Hata harusi hutabiriwa. Kuchuria ni kulitaja baya ambalo bado halijafika, na anayelitaja huhesabiwa kuwa ndiye aliyeliita. Mimi nilihesabiwa hivyo kwetu, upande wa Haneti, wakati wa vita vilivyomwondoa Mjerumani.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza shule pwani, nimeoa, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja nilikuwa natoka stesheni ya Dodoma kwa miguu. Njiani niliona askari wa serikali wakitoa mtama katika tembe za watu na kuwatwisha wapagazi. Walifagia mpaka ule wa mbegu. Nikakaza mwendo mpaka nyumbani.

Mkubwa wa nyumba yetu alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba. Vilindo vitatu vya magome vilisimama chumbani kwake, vimejaa uwele na mtama. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu chote mpaka mavuno. Nilimkuta uani anapepeta, majirani wawili wamekaa naye.

"Shangazi, tuchimbe shimo leo hii, tufukie nafaka. Wanakuja. Hawataacha hata mbegu."

Ungo ukasimama. "Baba, mdomo huo umeupata shuleni?"

"Nimewaona kwa macho."

"Umewaona kwa watu. Hapa hawajafika. Unawaita wa nini?"

Jirani mmoja akacheka. "Bundi wa usiku namjua. Huyu wa mchana amevaa kanzu."

Shangazi hakucheka. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa juu ya ile mimba. Alikwisha kuzika watoto wa kutosha katika nyumba ile. Kwetu maneno kama hayo hurudishwa kwa maji. Akanipa kibuyu, akaniambia nisimame mlangoni, nijaze kinywa, niteme kuelekea machweo, niseme sikuona kitu. Nikatema. Nikasema sikuona kitu, hakuna anayekuja. Majirani wakaitikia.

Jioni mke wangu akanifuata zizini.

"Ni kweli uliwaona?"

"Niliwaona."

"Basi tuchimbe sisi wawili, hata tufukie kilindo kimoja tu. Jembe ninalo."

Nikamwambia nimekwisha kusema hakuna anayekuja. Nikichimba nitakuwa nimeyaokota maneno yangu, na mtoto akipatwa na lolote nitaulizwa mimi. Ukweli ni kwamba hofu ya shangazi ilikuwa imeniingia. Mimi niliyefundishwa ramani na hesabu nilianza kuamini kwamba nikinyamaza hawatakuja. Mke wangu hakubishana. Alirudisha jembe ndani.

Walikuja siku ya tatu asubuhi, hawakupiga kelele, watu waliochoka tu. Walivitoa vilindo vyote vitatu. Mmoja wao alirudi kuchukua hata ungo.

Mvua ya mwaka ule haikunyesha. Tulichemsha majani, kisha tukachemsha ngozi tulizolalia. Mtoto alizaliwa, akanyonya titi lisilo na kitu siku tisa. Mama yake naye hakumaliza mwezi.

Siku tuliyomzika mke wangu, niliporudi kutoka makaburini nilimkuta shangazi ameketi chumbani, pale palipokuwa na vilindo, anakwangua udongo kwa kucha akitafuta punje. Nilitaka anilaumu kwa kusema, au anilaumu kwa kunyamaza, lolote ningelipokea. Alininyooshea kibuyu.

"Baba," alisema, "tema tena. Siku ile labda hukutema vizuri."

Nikasimama mlangoni, nikatazama machweo. Kibuyu kilikuwa kikavu. Nilitafuta mate kinywani, sikuyapata. Nyuma yangu kucha zilikuwa zimeacha kukwangua; alikuwa ananingoja.